Carl Fabergé, sonara aliyeuza ufundi

Mfanyabiashara mmoja wa vyuma chakavu nchini Marekani alinunua yai dogo la dhahabu kwenye soko la mitumba kwa zaidi ya dola 13,000. Alikuwa amelipima, akahesabu almasi na yakuti za buluu zilizokuwa juu yake, akaona kuwa akiliyeyusha atapata faida ya dola mia kadhaa. Wanunuzi wa dhahabu nao walilipima, wakamrudishia. Bei aliyonunulia ilikuwa kubwa kuliko dhahabu yenyewe. Yai likabaki jikoni kwake kwa miaka.

Ndani ya yai hilo mlikuwa na saa yenye jina la Vacheron Constantin. Mwaka 2012 mfanyabiashara huyo alitafuta jina hilo kwenye intaneti, na alichosoma kilimnyima usingizi. Mwaka 2014 kampuni ya Wartski ya London, inayouza vitu vya kale, ilitangaza kuwa yai hilo ni moja ya mayai yaliyotengenezwa kwa ajili ya familia ya kifalme ya Urusi, la mwaka 1887, ambalo halikuwa limejulikana lilipo kwa miaka mingi. Thamani yake ilikadiriwa kufikia pauni milioni 20 za Uingereza.

Dhahabu ilikuwa ile ile, na mizani haikukosea. Kilichoongeza bei hiyo mara elfu na zaidi ni kazi ya mikono iliyofanyika miaka mia moja na ushei kabla, pamoja na jina la mtu aliyeisimamia: Peter Carl Fabergé wa St Petersburg.

Mtoto wa duka

Fabergé alizaliwa Mei 30, 1846 katika mji huo, uliokuwa makao makuu ya Urusi. Baba yake, Gustav, alikuwa sonara aliyetoka Pernau, mji wa pwani ambao leo uko Estonia. Ukoo wao ulitokana na Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya kidini. Gustav alifungua duka mwaka 1842 katika mtaa wa Bolshaya Morskaya, mtaa wa watu wenye fedha, akauza pete, miwani na mikufu kama maduka mengine ya wakati ule. Halikuwa duka la ajabu.

Mwaka 1860 Gustav alistaafu, akahamia Dresden, Ujerumani, na kuwaachia mameneja biashara yake. Uamuzi huo ulimfaa mtoto. Carl alisomea mambo ya biashara Dresden, akajifunza usonara Frankfurt, akatembelea Florence, Paris na Uingereza. Katika kila mji aliingia kwenye makumbusho na kuangalia kwa makini vitu vya wafalme wa zamani: visanduku vya tumbaku vya Ufaransa, saa, vidani. Ni wazi kuwa alikuwa akitazama kwa jicho la mtu atakayeviuza.

Aliporudi nyumbani katikati ya miaka ya 1860 alikaa chini ya Hiskias Pendin, fundi mkuu wa baba yake, ambaye alizaliwa Finland. Wakati huo huo alijitolea kutengeneza vitu vya kale vilivyoharibika katika makumbusho ya Hermitage, ikiwemo dhahabu ya Wasikithi iliyofukuliwa Kerch, karibu na Bahari Nyeusi. Hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo. Malipo yake yalikuwa ni kushika kwa mikono yake vitu ambavyo washindani wake waliviona nyuma ya vioo tu. Mwaka 1872, akiwa na umri wa miaka 26, alikabidhiwa duka, na mwaka huo huo alimwoa Augusta Jacobs.

Kwa miaka kumi ya kwanza hakubadili mengi. Mabadiliko yalikuja mwaka 1882, pale mdogo wake Agathon, mchoraji hodari, alipojiunga naye. Katika Maonyesho ya Urusi Yote yaliyofanyika Moscow mwaka huo walipeleka nakala za vikuku vya dhahabu vya Wasikithi, wakapata medali ya dhahabu na kuonwa na familia ya kifalme. Wakati huo masonara wakubwa walishindana kwa ukubwa wa almasi. Mteja aliuliza jiwe lina karati ngapi, na bei ikatajwa. Ndugu hawa wawili waliamua kuuza kitu ambacho mteja hawezi kukipima kwa karati.

Mafundi wa mkataba

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba Fabergé mwenyewe hakukaa mezani kuchonga vitu vilivyompa sifa. Alikuwa msimamizi. Kazi ilifanywa na mafundi wakuu, kila mmoja na karakana yake, wafanyakazi wake na wanagenzi wake. Kampuni iliwapa michoro na malighafi, ikakagua ubora na kutafuta soko. Fundi aligonga muhuri wa herufi za jina lake kando ya ule wa Fabergé, naye hakufanya kazi kwa ajili ya duka jingine.

Msomaji anayeufahamu utaratibu wa mkulima wa mkataba na kiwanda cha miwa au tumbaku ataona mara moja kuwa mambo hayo yanafanana. Tofauti iko kwenye muhuri. Fundi wa Fabergé hakupotea ndani ya gunia la kampuni. Ndiyo maana leo inajulikana ni nani aliyetengeneza nini: Erik Kollin na August Holmström, wote wa Finland, iliyokuwa chini ya Urusi wakati huo, Michael Perchin, mtoto wa wakulima kutoka vijiji vya Karelia, aliyekuwa fundi mkuu kuanzia mwaka 1886, na Henrik Wigström, Mfini mwingine, aliyerithi karakana baada ya Perchin kufariki dunia mwaka 1903.

Ukaguzi ulikuwa mkali. Inaelezwa kuwa kitu chenye dosari kilipofika mezani kwa Fabergé alikivunja kwa nyundo bila kujali wiki ngapi zilikuwa zimetumika. Ni hasara, lakini ni hasara inayohesabika. Kitu kibovu kikishafika kwa mteja, hakuna anayeweza kupiga hesabu ya hasara yake.

Kioo juu ya dhahabu

Bidhaa iliyoitofautisha kampuni hiyo na nyingine ni enameli. Neno hilo si geni. Bakuli na vikombe vile vya bati vyeupe vyenye ukingo wa buluu, ambavyo bado vipo katika nyumba nyingi, vimefunikwa kwa enameli. Ni kioo kilichosagwa kuwa unga, kikapakwa juu ya chuma, kisha kikachomwa katika tanuri hadi kikayeyuka na kushikamana na chuma hicho. Kanuni haibadiliki chuma kikiwa dhahabu. Kinachobadilika ni uvumilivu.

Chukua kidani cha shingoni cha aina iliyopendwa sana enzi hizo: kipande cha dhahabu cha mviringo au chenye umbo la yai, kinachofunguka kama kitabu, ndani mkiwa na nafasi ya picha ya mpendwa au kishungi cha nywele zake. Katika karakana za St Petersburg kidani kama hicho kilianza na dhahabu iliyochanganywa. Warusi walipima usafi wa dhahabu kwa zolotiniki, ambapo 96 ni dhahabu tupu. Kazi nyingi zilifanywa kwa zolotiniki 56, sawa na karati 14, na nyingine kwa 72, yaani karati 18. Kilichoongezwa ndicho kilichotoa rangi: shaba iliipa dhahabu wekundu, na fedha iliipa ukijani. Mafundi hao waliweza kuweka dhahabu za rangi tatu au nne katika shada moja la maua lenye upana wa kidole.

Baada ya umbo kupatikana, uso wa kidani ulikerezwa kwa mashine maalumu inayochora mistari myembamba sana inayorudiarudia, kama mawimbi au miale ya jua. Mistari hiyo ilikuwa na kazi yake. Kioo kitakachopakwa juu ni angavu, hivyo mwanga hupenya, hugonga mistari na kurudi ukicheza kila mvaaji anapogeuka.

Kisha ukapakwa unga wa kioo na kuchomwa kwa joto la nyuzi 700 hadi 800 za Sentigredi. Baada ya kupoa, lilipakwa tabaka jingine na kidani kikarudishwa tanurini. Wakati mwingine tabaka zilifika tano au sita. Kila mara kidani kilipoingia tanurini kazi yote ya nyuma ilikuwa hatarini. Dhahabu na kioo havitanuki kwa kiwango kimoja, kwa hiyo fundi alilazimika kupaka enameli hata upande wa nyuma ili kidani kisipinde na kioo kisipasuke. Punje moja ya vumbi au kiputo kimoja cha hewa kilitosha kuharibu kila kitu.

Bawaba ndiyo iliyowasumbua zaidi. Ilipaswa kulehemiwa kabla ya enameli, kwa lehemu inayostahimili joto la tanuri, kwa sababu baada ya kioo kuwekwa hakuna moto unaoweza kukaribia tena. Kama vifuniko viwili havikukutana sawasawa, kosa halikurekebishika. Na uso wa mviringo ni mgumu kuliko uso bapa, kwani unga ulio mbichi huteleza kuelekea chini. Mwisho kabisa kioo kilisuguliwa kwa saa nyingi kwa gurudumu la mbao na ngozi laini, mpaka ukigusa hujui kioo kinaishia wapi na dhahabu inaanzia wapi.

Kampuni ilikuwa na rangi zaidi ya 140 za enameli: waridi, kijani cha tufaha, zambarau, buluu ya aina nyingi, na ile nyeupe yenye kung'aa kama ndani ya chaza. Masonara wa nchi nyingine walikuwa na chache tu. Nikolai Petrov na Vassily Boitzov walikuwa miongoni mwa walioifanya kazi hiyo, na majina yao hayajulikani sana, ingawa bila wao pasingekuwa na cha kuzungumza.

Mayai ya Pasaka

Kwa Wakristo wa Orthodoksi wa Urusi, Pasaka ni sikukuu kubwa kuliko zote, na watu hupeana mayai. Mwaka 1885 Tsar Alexander III aliagiza yai la kumpa mkewe, Maria Feodorovna. Kwa nje lilikuwa la dhahabu iliyofunikwa enameli nyeupe, kama yai la kuku wa kawaida kabisa. Likifunguliwa, ndani mlikuwa na kiini cha dhahabu, na ndani ya kiini kuku wa dhahabu za rangi mbalimbali. Gharama yake ilikuwa rubli 4,151. Mwaka huo Fabergé alipewa cheo cha sonara wa ufalme.

Kuanzia hapo oda ilirudi kila mwaka. Nicholas II alipotawala aliagiza mawili, moja la mama yake na moja la mkewe, isipokuwa mwaka 1904 na 1905, wakati wa vita na Japani na machafuko yaliyofuata. Jumla yakatengenezwa mayai 50 ya kifalme. Kadiri miaka ilivyokwenda, mayai mengi yalizidi kufanana na vidani vikubwa vya picha. Yai la mwaka 1898, la enameli ya waridi na maua ya lulu, lina kitufe cha lulu. Kikizungushwa zinainuka juu picha tatu, ya Nicholas na ya binti zake wawili wakubwa. Yai la mwaka 1897 lenyewe halijulikani lilipo, lakini kilichokuwa ndani yake kimesalia: moyo wa enameli nyekundu unaofunguka kama jani la sehemu tatu, kila sehemu ikiwa na sura ya mmoja wa familia.

Lakini duka halikuishi kwa mayai hayo. Liliishi kwa vitu vidogo: vishikizo, fremu za picha, vifuko vya sigara, vitufe vya kengele za mezani, vidani vya picha, na vijiyai vidogo vya enameli ambavyo wasichana wa Urusi walining'iniza kwenye mkufu, kimoja kila Pasaka. Mteja aliyenunua kijiyai kimoja alijua kuwa ametoka mlango ule ule anaotumia Tsar. Hapo ndipo oda ya kifalme ilipolipa, kuliko katika rubli zenyewe.

Malighafi haikumtisha Fabergé. Alitumia mbao za mti wa betula wa Karelia, mawe ya milima ya Ural, na chuma. Aliona kuwa ghali ya kitu iko kwenye kazi, na akawaona masonara wanaotegemea almasi tupu kuwa ni wachuuzi.

Biashara ilipanuka. Moscow ilipata tawi mwaka 1887, likiwa limepangwa kama kiwanda na kuuza zaidi vyombo vya fedha. Odessa ikafuata, kisha London mwaka 1903 na Kiev. Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900 alikuwa mmoja wa waamuzi, na Ufaransa ikampa nishani ya Legion of Honour. Mwaka huo huo jengo jipya la kampuni lilikamilika Bolshaya Morskaya, likiweka duka na karakana kubwa chini ya paa moja. Wafanyakazi walifika kama 500. London nako wateja hawakukosekana. Mwaka 1907 Mfalme Edward VII alitaka sanamu za wanyama wa shamba lake la Sandringham, wachongaji wakasafiri hadi Norfolk kuwatengenezea mfano wa nta: farasi, mbwa, nguruwe, bata mzinga, hata fahali. Huenda ndiyo mifugo iliyogharimu zaidi kwa kila gramu katika historia ya kilimo cha Uingereza.

Vita na mapinduzi

Udhaifu wa biashara hii ulikuwa mmoja na ulionekana mapema kwa aliyetaka kuuona. Wateja wake walikuwa tabaka moja la watu, katika nchi moja, chini ya utawala mmoja. Ni sawa na zao lenye mnunuzi mmoja.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914 mafundi waliitwa jeshini na dhahabu ikawa adimu. Karakana zilizozoea enameli zikatengeneza vikombe na sahani za shaba, na vifaa vya silaha. Moja ya mayai ya kifalme ya mwaka 1916 lilikuwa la chuma cha pua, limesimama juu ya mifano ya makombora ya mizinga. Mwaka huo kampuni ilibadilishwa kuwa ya hisa, ikiwa na mtaji wa rubli milioni tatu. Hatua nzuri, ila ilichelewa. Mwaka 1917 Nicholas aliondoka madarakani, Wabolsheviki wakaingia, na kamati ya wafanyakazi ikachukua uendeshaji. Mwaka 1918 duka likafungwa.

Septemba 1918 Fabergé, mzee wa miaka 72, alitoroka kwa treni hadi Riga, kisha Ujerumani. Mkewe na mtoto wao mkubwa, Eugène, walivuka kwenda Finland majira ya baridi, sehemu ya safari kwa miguu katika theluji. Walikutana na kuhamia Uswisi. Huko hakuwa na karakana wala mteja, na inaelezwa kuwa alisema maisha hayo hayakuwa maisha tena. Alifariki dunia Lausanne, Septemba 24, 1920. Mwaka 1929 Eugène alihamishia majivu yake Cannes, Ufaransa, kwenye kaburi la mama yake.

Serikali ya Kisovieti ilikuwa na shida ya fedha za kigeni, ikauza mayai mengi katika miaka ya 1920 na 1930. Kumi yamebaki Kremlin. Vitu vingi vidogo vilivunjwa kwa ajili ya mawe na dhahabu, vikiuzwa kwa mizani.

Jina lauzwa

Watoto wake Eugène na Alexander walifungua duka dogo Paris mwaka 1924. Walikuwa na ufundi na walikuwa na jina. Ambacho hawakufanya ni kulilinda jina hilo Marekani. Mwaka 1937 mfanyabiashara Samuel Rubin alianza kuuza manukato huko kwa jina la Fabergé, akalisajili. Familia iligundua baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kesi ya alama ya biashara huko New York ingewagharimu fedha ambazo hawakuwa nazo, na mwaka 1951 walikubali kulipwa dola 25,000 ili manukato yaendelee kuitwa hivyo.

Eugène alifariki dunia mwaka 1960. Mwaka 1964 Rubin aliuza kampuni yake ya manukato kwa dola milioni 26. Vijana wengi wa Afrika Mashariki walilijua jina hilo kupitia chupa za kijani za Brut, bila kujua habari za Tsar. Mwaka 1989 Unilever ililichukua, na mwaka 2007 likanunuliwa na wawekezaji waliotaka kulirudisha kwenye vito. Mwaka 2013 likaingia Gemfields, kampuni inayochimba zumaridi Kagem, Zambia, na rubi Montepuez, Msumbiji. Agosti 2025 Gemfields ilitangaza kuliuza kwa dola milioni 50 na kubaki na migodi.